Kipimo cha Mwanga

Mwalimu Mwakalobo alisema, mikono nyuma:
"Shuleni kwangu hakuna rangi.
Sioni mweusi, sioni mweupe. Naona wanafunzi."
Tukapiga makofi. Hata mimi,
begi la kamera likinivuta bega,
nilipiga, maana maneno yalikuwa mazuri
na baridi ya Juni ilitaka mikono ipate kazi.

Nikawapanga kwenye ukuta uliopakwa chokaa,
arobaini na wawili, darasa la saba,
Loleza juu ya bati umejivika ukungu hadi kifuani.
Kamera nikaiacha ijipimie yenyewe.
Nayo ni kama mwalimu, haina ubaguzi:
inatafuta wastani.

Ijumaa akaja mama yake Tupokigwe,
kanga yake ina madoa ya utomvu wa ndizi.
Akaiinamia picha pale kaunta,
akaenda nayo mlangoni kwenye jua,
akarudi nayo.
"Ugonile, dada. Mwanangu yuko wapi?"

Nikaonyesha kwa ukucha: mstari wa pili, wa nne toka kushoto.
Palikuwa na kola.
Palikuwa na meno.
Kati ya kola na nywele, shimo lenye meno.

Na pembeni yake Gulbibi, mtoto wa Rujewa,
katoka mzima mzima: nyusi, kovu la kidevu,
hata uzi uliochomoka kwenye sweta.
Mama hakumtazama kwa chuki.
Alimtazama kama mtu anayetazama mizani ya duka.
"Huyu mmemwona," akasema.
Akaweka shilingi mia tatu. Nikazirudisha.
Akaziacha pale pale, akaondoka.

Usiku ule nilitoa mkobani kipimo cha mwanga cha marehemu baba.
Yeye alikuwa akikisogeza hadi shavuni kwa mtu,
kila mtu, bwana shamba na mchoma mahindi,
huku akinong'ona namba kama anayesali.
Mimi nilikiona cha kizamani.
Nilikuwa na kamera ya kisasa.

Jumatatu nikarudi shuleni.
"Leo nitawatazama ngozi," nikasema, "mmoja mmoja."
Mwalimu akanivuta pembeni. Sauti yake ilitetemeka.
"Binti, sisi tulishatazamwa ngozi.
Waliotutazama walitugawia hadi vyoo.
Niliapa mtoto wangu hatahesabiwa hivyo."
Sikuwa na jibu. Mpaka leo
sina jibu linaloweza kusimama mbele ya vyoo vile.

Aliyejibu ni Gulbibi, na hakuulizwa.
"Bibi yangu Msangu, mwalimu. Nyumbani tunagombana Kisangu.
Njiani wananiita Mwarabu, wananiambia rudi kwenu.
Nikikuambia, unasema hapa hakuna rangi.
Sasa nikamwambie nani?"

Bati lililia kidogo kwa upepo.
Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Nikawatoa kwenye chokaa, nikawapeleka
kwenye ukuta wa tofali za kuchoma.
Nikapita na kipimo, shavu kwa shavu.
Tupokigwe alifumba macho kana kwamba nampaka dawa.
Weusi wake, nilipokaribia, ulikuwa na zambarau ndani,
na chini ya jicho mng'ao mdogo wa shaba
ambao ukuta mweupe ulikuwa umeumeza.
Miaka mitatu napita mbele ya banda la mama yake.
Sikuwahi kuujua.

Nikampa mwalimu shuka jeupe la studio alishike,
lirudishe mwanga kwenye mstari wa pili.
"Lishushe. Kushoto kidogo. Umempita.
Usinitazame mimi, mwalimu, mtazame yeye.
Hapo. Unaona?"

Alikaa kimya hata mikono ikaanza kumtetemeka.
"Naona," akasema.

Picha ya pili haikuwa safi.
Gulbibi alicheka, akatoka na nyuso mbili.
Mama yake Tupokigwe aliitazama mlangoni, kwenye jua,
akaikunja ndani ya kanga bila neno la shukrani.
Alipofika barabarani nikamwona amesimama,
anaitoa tena.